Fyuzi Tatu Mfukoni

Fundi Habineza alikutwa amekufa saa nne ya asubuhi, amelala kifudifudi kando ya mota ya kusukuma maji ya mtaa wa Mapendo, kibanio cha mashine yake ya kupimia kimeng'ata kidole gumba cha mkono wa kuume.

Chumba kilikuwa cha mawe meusi ya volkeno, bati juu, maji kidogo sakafuni. Nje, foleni ya wanawake na bido zao, madumu ya manjano ya maji, ilikuwa haijaambiwa kitu. Goma inalitazama ziwa ikiamka na inalitazama ikilala, na bado inapanga mstari kwa ajili ya bido moja. Walioahidi mabomba walikuja na utepe wa kukata. Waliukata, wakapigiwa makofi, wakaondoka hata na mikasi.

Inspekta Wivine Kaswera alipiga goti kando ya maiti. Alikuwa mwanamke wa Butembo, miaka kumi na tisa katika upelelezi, na magoti yake yalishazoea sakafu za namna hii.

"Nani alimwona wa kwanza?"

"Mimi, Mama Inspekta."

Mlinzi wa kituo, mwembamba, amekunja kofia mikononi kama anayeikamua. Kaswera alimtazama mara mbili.

"Nakujua wewe."

"Munanijua. Nshimiyimana. Mulifika kwangu mwaka jana, juu ya ile mambo ya mutoto yangu."

Alikumbuka. Igihozo, miaka tisa, alianguka kwenye bomba la nje la kituo hiki hiki, bido mkononi, mwili mzima bila jeraha. Walimzika siku ile ile, hakuna daktari aliyemtazama. Kisha mtaa ukatafuta mwenye kosa, na ukampata pale unapompata siku zote, kwenye mlango wa maskini. Mjane mmoja mzee, Nyiramahirwe, aligombana na mtoto huyo kwenye foleni jana yake. Wakasema mlozi. Wakamponda kwa mawe yaliyojaa barabarani, maana katika mji huu hakuna anayekosa jiwe.

Kaswera alihoji watu arobaini. Arobaini hawakuona kitu. Aliandika kwenye faili "watu wasiojulikana", akaifunga, na mkubwa wake akamshukuru kwa kazi ya haraka.

"Fundi alikuja kufanya nini?"

"Kamati ya maji ilimwita. Motere ilikuwa inaunguruma vibaya. Alisema anapima waya za ndani."

"Na wewe?"

"Nilienda kunywa chai."

"Muda gani?"

"Kidogo tu. Kurudi, namukuta hivi. Ni mashine yake ilimuua, Mama. Musome, iko imeandikwa."

Ilikuwa imeandikwa kweli. Mashine ilikuwa kisanduku cheusi cha zamani, chenye mkono wa kuzungusha ubavuni, dirisha la sindano, na nyaya mbili za vibanio. Mafundi wanakiita mega. Chini ya dirisha palisomeka: volti 1000.

Kaswera alipekua mifuko ya marehemu. Leso. Kipande cha penseli. Na fyuzi tatu za kauri, nzito, zinazotoshana. Alizipeleka kwenye ubao wa umeme ukutani. Matundu matatu yalikuwa wazi, yakizisubiri. Umeme wa mji, basi, usingeweza kufika kwenye mota. Ilibaki mega peke yake.

Kabla hajatoka, jicho lake lilishikwa na bomba la chuma lililotoka kwenye pampu na kupenya ukuta kwenda nje. Lilikuwa na kutu pande zote, ila sehemu moja iling'aa kwa duara nyembamba, kama kidole kilichovuliwa pete ya ndoa. Aliandika jambo hilo katika daftari. Hakujua kwa nini.

Daktari alisema moyo ulisimamishwa na umeme. Kiganja cha kuume kilikuwa na alama tatu za kuungua, zimelala sambamba. Komanda Kataliko, mkubwa wake, hakutaka kusikia zaidi.

"Ajali ya kazi," alisema. "Mwenyekiti wa kamati amenipigia simu mara nne. Kesho anataka pampu iwake. Tia sahihi, Wivine."

Kalamu ilikuwa mkononi. Aliitazama. Ilikuwa na wepesi ule ule wa mwaka jana.

"Kesho asubuhi, Komanda," alisema, akaichukua mega kwapani, akaenda mtaa wa Birere.

Karakana ya Habineza ilibanwa kati ya duka la vitenge na kibanda cha simu. Matumbo ya mota yalipangwa sakafuni, mengine matupu, mengine yamejaa shaba mpya. Moja lilikuwa juu ya jiko la makaa, likikaushwa vanishi, na harufu yake ilikwaruza koo. Mjane wa fundi, Généreuse, alikuwa ameketi kwenye stuli ya mumewe. Miaka kumi na sita yeye ndiye aliyesuka waya kwa vidole, na mume ndiye aliyepima. Majirani walikuja kulia. Aliwaacha walie nje.

"Nasikia mega njo imeua bwana yangu."

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Mulete mukono."

Kaswera alisita.

"Mulete, Mama Inspekta. Munaogopa kitu gani? Munayo bunduki."

Alimbana kidole cha shahada kwa kibanio kimoja, cha kati kwa kingine, akazungusha mkono wa mashine. Maumivu yalimchapa Kaswera hadi kwenye kiwiko, akang'oa mkono na vibanio vikaruka. Aliona nyota. Alisikia mtu akitukana kwa Kinande, lugha ya kwao, na akagundua ni yeye.

"Mumekufa?" Généreuse aliuliza.

"Sijafa."

"Basi. Inang'ata, haiui. Volti ni nyingi, lakini nyuma yake hakuna nguvu, ni mbwa wa kelele. Kazi yake ni kutafuta tundu." Aligonga mota iliyokuwa kwenye jiko. "Hizi waya zinavaa vanishi kama vile mutu anavaa ngozi. Unasukuma kuran, ule umeme, kati ya waya na chuma. Sindano ikienda juu, ngozi ni nzima. Ikilala kwa zero, ngozi imetoboka, waya unagusa chuma. Ukiwasha, motere nzima inakuwa kuran."

Akainua mkono wa mashine kwa kidole kimoja na kuuachia. Sindano ikaanguka.

"Ukiacha kuzungusha, nayo imekufa. Bwana yangu aliungua mukono gani?"

"Wa kuume."

"Alikuwa anazungusha na wa kuume. Sasa munielezee. Mufu alijibana kidole mwenyewe, akazungusha mashine na mukono ule ule, akajichoma, kisha akalala chini?"

Kaswera alitoa zile fyuzi tatu na kuziweka juu ya meza. Hapo ndipo uso wa Généreuse ulipoyumba kwa mara ya kwanza. Alisema hiyo ilikuwa tabia yake kila mahali. Hakuamini kufuli wala hakuamini mlinzi. Kabla ya kugusa kitu alitoa fyuzi akazitia mfukoni. Mara ngapi alirudi nyumbani na fyuzi za watu, na mkewe akazikuta kwenye beseni akifua suruali, na mitaa miwili inakaa gizani inamtukana.

"Kama zilikuwa kwake, aliamini," alisema. "Alishika waya tupu bila woga. Zile tatu za kutoka ukutani."

Alama tatu, sambamba. Kaswera aliziona tena.

"Lakini bila fyuzi umeme ulipitaje?"

Généreuse alicheka kicheko kikavu. "Mama Inspekta, munaishi Goma hii ama ingine? Kwenu fyuzi ikiungua munanunua? Ama munaweka waya?"

Ni kweli. Mji mzima ulifanya hivyo, na nyumba yake mwenyewe. Kipande cha waya mahali pa fyuzi, na Mungu mlinzi. Mtu aliingia wakati fundi ameinama, akatia vipande vitatu vya waya, akapandisha swichi. Kisha akaishusha, akatoa waya, akambana maiti kidole. Aliyesoma "1000" na kudhani namba ndiyo inayoua. Si fundi, basi. Lakini mtu anayejua ubao ulipo.

"Kuna kitu kingine," Kaswera alisema. "Bomba la maji lina duara inayong'aa. Kama lilikuwa limefungwa kitu."

Généreuse aliacha kuchezea fyuzi.

"Tere," alisema polepole. "Waya wa kupeleka kuran mbaya chini. Kila motere inapaswa kuwa nayo. Lakini hapa kwetu chini ni wapi? Ni jiwe la volkeno. Ukipiga chuma kinapinda. Anayejua kazi anachimba shimo, anatia makala ya jiko na chumvi. Asiyejua anafunga waya kwa bomba la maji, anaenda kula."

"Na ni vibaya?"

"Siku motere inatoboka, kuran inafuata tere. Inaingia kwa bomba. Siku zingine inauma kidogo, siku ingine inaua." Alimtazama. "Na bomba linaenda wapi?"

Kaswera alijua linakokwenda. Linapenya ukuta, linatokea nje, linaishia kwenye koki ya chuma ambayo kila asubuhi inashikwa na mikono iliyolowa. Mikono ya wanawake. Mikono ya watoto wa miaka tisa.

Alikaa juu ya tumbo la mota lililokuwa tupu, kwa sababu hapakuwa na kiti.

Asubuhi iliyofuata alirudi Mapendo na Généreuse na askari mmoja. Kwa tochi alichunguza matundu ya fyuzi. Ndani ya taya la pili kulikuwa na unyuzi wa shaba uliokatika, mfupi kama ukucha, umeota kutu ya kijani. Waya wa ndani ya nyumba hauoti kijani. Unaota ule uliokaa miaka katika unyevu, uchi, umefungwa kwenye bomba. Akautia kwenye bahasha. Généreuse akabana kibanio kimoja kwenye nyaya za mota, kingine kwenye chuma chake, akazungusha. Sindano haikutikisika. Ililala kwenye sifuri kama mlevi.

Kisha Kaswera akamwita Nshimiyimana.

"Kamati inataka maji," alimwambia. "Tunawasha."

"Muwashe, Mama. Watu wana kiu."

"Kuna waya mmoja umetoka. Wa tere. Ulikuwa umefungwa wapi?"

"Sijui mimi hizo mambo."

"Una miaka mingapi hapa?"

"Mitano."

"Miaka mitano hukuuona?"

"Kulikuwa waya mingi."

"Haidhuru. Alama iko." Alimpa Généreuse waya mpya wa shaba. Mjane aliufunga kwenye mwili wa mota, akauvuta hadi kwenye bomba, akauzungusha pale pale penye duara, mara tatu, akaukaza kwa koleo. Waya ulikaa katika kovu lake.

Kutoka nje zilisikika sauti za foleni. Mwanamke mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake kama bido yake imeota miguu, maana jana aliiacha nyuma na leo iko mbele. Wengine walicheka. Mtoto wa kike alikuwa akigonga koki kwa kijiwe, koo, koo, koo, akiita maji.

"Askari," Kaswera alisema, "simama kwenye swichi. Nikifika tatu, pandisha."

Nshimiyimana aligeukia mlango. "Mama, waambieni kwanza watoke kwa robine, kwa ile koki."

"Kwa nini?"

"Watoke tu."

"Wamengoja tangu jana. Moja."

"Mama Inspekta."

"Motere ni nzima, papa. Aliyemuua mtoto wako ni mlozi. Wewe ndiye uliyeniambia. Uliniambia ukiwa umesimama mlangoni kwako, na nikaandika. Mbili."

Koo, koo, koo.

Nshimiyimana alijitupa juu ya bomba. Aliurarua waya kwa kucha, ukakataa, akautia menoni, akauvuta huku damu ikimtoka kwenye ufizi, hadi mizunguko mitatu ikalegea na kuanguka. Alibaki amelikumbatia bomba, anahema.

Askari alikuwa bado ameshika swichi, amegeuka rangi. Kaswera alitia mkono katika mfuko wa koti, akazitoa fyuzi tatu za kauri, akazionyesha juu ya kiganja.

"Zilikuwa kwangu," alisema. "Hakuna kitu kingewaka. Nilijifunza kwa marehemu."

Yule mtu hakukana. Alizungumza akiwa chini, uso kwenye chuma, na maneno mengi aliyasema mara mbili. Mota ilipoletwa miaka mitano iliyopita, chuma cha kuchomeka ardhini kilipinda juu ya jiwe. Alimuuliza mwenyekiti wa kamati afanye nini. Mwenyekiti alikuwa na haraka, wageni walikuwa wanakuja na utepe wao. Akamwambia, funga popote. Akafunga popote.

"Na Habineza?"

"Alipima. Akaniambia, papa, hii motere ni mufu wa siku nyingi. Kisha akaona tere. Akaniuliza, mwaka jana nilisikia mutoto alikufwa hapa inje, alikuwa wa nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui." Alipangusa mdomo, akaitazama damu. "Akasema, yule mutoto hakulogwa. Ni huu waya. Anaandika yote, anapeleka kwa kamati na kwa polisi. Akaniuliza, ni nani huyu mupumbavu aliufunga? Hakujua, Mama. Aliniuliza bila ubaya. Kisha akainama kukusanya zile waya za ukuta."

"Ukakata tere."

"Nilikata tere, nikaweka vipande kwa fyuzi."

"Ili usishtakiwe?"

Akamtazama kana kwamba amemtukana. "Kushtakiwa ni nini? Miye njo nilitupa jiwe la kwanza."

Généreuse, ambaye hadi hapo alikuwa akiifunga mega katika kitambaa chake, aliacha.

"Yule muzee mwanamuke," Nshimiyimana alisema. "Alikuwa ameshika kichwa hivi. Alikuwa ananiita kwa jina, anasema Nshimiyimana, nilikubeba mugongoni siku volkeno ilitutoa, ningeuaje mutoto yako? Nilitupa lingine. Sasa mutu anakuja na kisanduku anasema hakuwa yeye. Kama hakuwa yeye, nilimuua bure. Na Igihozo nilimuua mimi, na mikono yangu, na waya. Mutu anaishi namna gani na hiyo? Akiwa mlozi, naweza kulala. Nilikuwa nalala."

"Bwana yangu alikuwa analala pia," Généreuse alisema. Hakuinua sauti. Alitoka nje, na foleni ikamfungulia njia.

Kaswera alifungua faili mbili juu ya kifuniko cha mota. Moja ya jana. Nyingine ya mwaka jana, aliyokuwa ameitoa kabatini alfajiri, kamba yake ikiwa na vumbi. Aliandika jina la mtuhumiwa, umri, kazi. Nshimiyimana aliifuata kalamu kwa macho.

"Mama. Ya fundi muniandikie. Ya yule muzee muniandikie, nafungwa mara mbili, sikatai. Ya mutoto musiiandike. Muache mlozi. Mama yake Igihozo yuko pale inje na bido, wa tano kwa mstari. Musimusomee hiyo."

Kaswera alitazama mlangoni. Wa tano alikuwa mwanamke mwenye kitenge cha buluu, anacheka bado na yule wa bido yenye miguu.

Ingekuwa rahisi. Neno moja, mlozi, lingekaa mahali pake na hakuna ambaye angeliondoa. Ndivyo miji inavyojengwa, neno rahisi juu ya neno rahisi, mpaka mzee wa watu anapondwa na barabara inabaki na mawe yake. Huko Lac Vert, pembezoni mwa mji, binti wa Nyiramahirwe alikuwa anaishi kwenye kibanda cha maturubai, na watoto wake hawakubaliwi kuchota maji pamoja na wengine, kwa sababu ni damu ya mlozi. Hao nao walikuwa na jina la kusafishwa, na hakuna aliyelipangia foleni.

Aliandika. Igihozo, miaka tisa, aliuawa na umeme uliovuja kutoka kwenye mota na kupita katika waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Akaandika aliyeufunga. Akaandika aliyesema "funga popote", jina lake kamili na cheo chake, ingawa alijua Komanda Kataliko atakuja na simu sikioni kulifuta.

Kisha akaifungua ile faili ya zamani mahali palipoandikwa "watu wasiojulikana". Akayapiga mstari maneno hayo. Juu yake akaandika jina moja analolijua. Chini ya ukurasa ilikuwepo sahihi iliyoifunga faili, nzuri, ya haraka. Yake. Hiyo hakuipiga mstari. Aliandika pembeni yake tarehe ya leo, na maneno: nilijua namna ya kuuliza, sikuuliza.

"Mfunge pingu," alimwambia askari.

Alizirudisha fyuzi mfukoni, akatoka nje, akamwendea wa tano kwenye mstari.